Waifai ya Nyumbani Inaposumbua: Dalili, Chanzo na Tiba

"Waifai imekufa" ni kauli moja inayobeba matatizo mengi yasiyo na undugu. Data hupita vituo vitano kabla ya kufika kwenye simu yako: laini ya mtoa huduma, modemu, ruta, hewa, kisha simu yenyewe. Waifai ni kile kipande cha hewani tu, lakini lawama za vituo vyote vitano humwangukia yeye. Ndiyo maana watu hununua ruta mpya kumbe faiba imekunjika nyuma ya kabati, au humpigia mtoa huduma kila siku kumbe ruta imefichwa chini ya televisheni.

Kwa hiyo usiguse mpangilio wowote kabla hujajua kituo kipi kimekwama. Majaribio haya manne huchukua dakika tano.

1. Chomeka kompyuta kwenye ruta kwa kebo ya mtandao, tundu la LAN, kisha zima waifai ya kompyuta hiyo. Intaneti ikienda vizuri kwa kebo, tatizo liko hewani au kwenye kifaa. Kebo nayo ikigoma, waifai haina kosa.
2. Tafuta anwani ya ruta. Kwenye Windows fungua dirisha la amri, andika `ipconfig`, na usome mstari wa Default Gateway. Mara nyingi ni 192.168.1.1 au 192.168.0.1. Andika `ping`, amri inayotuma ujumbe mdogo na kupima muda wa jibu kurudi, ikifuatiwa na anwani hiyo. Kwa kebo, majibu hurudi kwa milisekunde 1 au pungufu. Kwa waifai yenye afya, kati ya 2 na 10. Yakirukaruka hadi mamia, au mengine yakipotea, hewa ndiyo mgonjwa.
3. Andika `ping 8.8.8.8`, anwani ya seva ya Google iliyo nje kwenye intaneti. Ruta ikijibu lakini hii isijibu, kagua laini, modemu au akaunti yako kwa mtoa huduma.
4. Piga ping kwa jina la tovuti yoyote unayoijua. Nambari ikijibu na jina likishindwa kutafsiriwa kuwa anwani, tatizo ni DNS, huduma inayofanya tafsiri hiyo. Hilo hutibika kwa dakika mbili.

Jina la mtandao halionekani kabisa

Anza na rahisi: ruta nyingi zina kitufe cha kuzima waifai ubavuni au nyuma, na mtu akisafisha vumbi hukibonyeza bila kujua. Angalia kama taa ya waifai inawaka.

Jina likionekana kwenye simu moja na lisionekane kwenye nyingine, chunguza bendi na chaneli. Vifaa vya zamani na karibu taa zote za kisasa zinazoendeshwa kwa simu hutumia GHz 2.4 pekee, mtandao wa GHz 5 kwao haupo. Vilevile, kwenye GHz 2.4 nchi nyingi huruhusu chaneli 1 hadi 13, lakini kifaa kilichotengenezwa kwa soko la Marekani huishia chaneli 11. Ruta ikijichagulia 12 au 13, kifaa hicho hakitaliona jina hata ukikiweka juu ya ruta. Weka chaneli mwenyewe badala ya kuacha "otomatiki".

Kuna hali nyingine inayowachanganya wengi: mtandao wa GHz 5 hauonekani kwa dakika moja au zaidi kila ruta inapowashwa, halafu unajitokeza. Huo si ubovu. Chaneli 52 hadi 144 zinatumiwa pia na rada, na ruta inalazimika kusikiliza kwanza, kwa kawaida sekunde 60, kabla ya kurusha mawimbi. Ikisikia rada baadaye, inahama papo hapo na vifaa vyote vinakatika. Ukiishi karibu na uwanja wa ndege au kituo cha hali ya hewa, tumia chaneli 36, 40, 44 au 48.

Jina linaonekana, lakini haliungi

Nywila huzingatia herufi kubwa na ndogo, hilo unalijua. Kinachosahaulika ni kwamba ukibadilisha nywila au aina ya usalama kwenye ruta, simu huendelea kujaribu ile ya zamani iliyohifadhi. Usahaulishe mtandao kwenye simu, kisha uunge upya.

Kama ni kifaa cha zamani kinachokataa wakati vingine vinaingia, fungua mipangilio ya ruta uangalie aina ya usalama. WPA3 ilitoka mwaka 2018, na vifaa vingi vya kabla ya hapo havielewi. Chagua hali ya mchanganyiko ya WPA2/WPA3, au WPA2 yenye AES. Usirudi WEP, aina ya zamani ya usalama, ili tu kufurahisha printa ya zamani: ulinzi wake ulivunjwa tangu 2001, na siku hizi hufunguliwa kwa dakika chache. TKIP, mtindo wa zamani wa kuficha data kabla ya AES, nayo iache, kwa sababu ukiichagua, kasi ya waifai hushuka hadi ile ya zamani ya Mbps (megabiti kwa sekunde) 54 hata kama ruta yako ni mpya. WPS ya PIN, njia ya kuunga kifaa kwa nambari fupi badala ya nywila, izime.

Ikiwa umeweka orodha ya anwani za MAC (vitambulisho vya vifaa kwenye mtandao) zinazoruhusiwa, kumbuka kwamba kuanzia Android 10 na iOS 14 simu hutumia anwani ya MAC ya kubuni kwa kila mtandao. Hapo simu uliyoiruhusu juzi inaweza kuonekana leo kama mgeni. Zima anwani ya kubuni kwa mtandao wa nyumbani tu, au uifute orodha hiyo kabisa. Kwa maoni yetu ifute: anwani za MAC hurushwa hewani bila kufichwa, anayetaka kuingia ataiga mojawapo, na anayeteseka ni mwenye nyumba.

Imeunga, lakini "hakuna intaneti"

Hapa soma anwani ya IP ya kifaa. Ikianza na 169.254, kifaa kiliomba anwani kwa ruta kikakosa jibu, kikajipa chenyewe. Sababu za kawaida ni mbili. Ya kwanza, DHCP, huduma ya kugawa anwani, imezimwa kwenye ruta. Ya pili, anwani zimekwisha: ruta iliyowekwa kugawa 192.168.1.100 hadi 192.168.1.120 ina anwani 21 tu, na zile MAC za kubuni zinaweza kuzimaliza kwa sababu kila sura mpya ya simu hupewa anwani yake na kuishikilia, mara nyingi kwa saa 24. Panua hadi, tuseme, 192.168.1.50 hadi 192.168.1.250. Kisha kwenye Windows andika `ipconfig /release` na baadaye `ipconfig /renew`.

Ikiwa anwani ni ya kawaida, ping ya 8.8.8.8 inajibu, na tovuti hazifunguki, badilisha DNS. Iweke kwenye ruta ili vifaa vyote vinufaike: 1.1.1.1 ya kwanza, 8.8.8.8 ya pili. Halafu `ipconfig /flushdns` kwenye kompyuta, au zima na uwashe simu.

Tovuti zote zikilalamika kwamba "muunganisho si salama", tazama saa na tarehe ya kifaa. Kompyuta ambayo betri yake ndogo ya saa imekufa huamka ikidhani iko miaka kadhaa nyuma, na vyeti vya usalama vya tovuti vyote huonekana batili kwake. Mtu anaweza kupoteza siku nzima akihangaika na ruta.

Ping ya 8.8.8.8 ikishindwa hata kwa kebo, nenda kwenye taa. Kwenye kisanduku cha faiba, taa ya LOS ikiwaka au kumweka nyekundu maana yake mwanga haufiki. Fuata waya mwembamba wa faiba kutoka ukutani na utafute mahali ulipokunjwa kwa kona kali, umebanwa na mlango au umefungwa fundo. Faiba hubeba mwanga ndani ya kioo. Ukiikunja sana mwanga hutoroka kwenye kona hata kama waya haujakatika. Unyooshe taratibu uone kama taa itabadilika. Usichomoe ncha yake na kuichungulia: mwanga wake hauonekani kwa jicho, lakini unaweza kulidhuru.

LOS ikiwa imezimika na bado hakuna intaneti, fungua ukurasa wa ruta uone kama tundu la WAN, linalopokea laini ya mtoa huduma, limepata anwani. Kama laini yako hutumia PPPoE, yaani ruta huingia kwa mtoa huduma kwa jina na nywila, jina la mtumiaji na nywila huenda vimefutika au akaunti imesimamishwa. Hapo ndipo simu kwa mtoa huduma ina maana.

Inakwenda, lakini polepole

Hii ndiyo dalili yenye vyanzo vingi kuliko zote, na ndiyo inayotibiwa kwa kubahatisha zaidi. Kwanza hakikisha unapima kitu kimoja. Watoa huduma huuza biti. Programu za kupakua huonyesha baiti, na baiti moja ni biti 8. Laini ya Mbps 40 ikipakua faili kwa megabaiti 5 kwa sekunde inafanya kazi yake yote.

Pima kasi kwa kebo, kisha kwa waifai ukiwa mita mbili kutoka kwenye ruta, kisha pale unapolalamikia. Nambari hizo tatu zinakuambia karibu kila kitu.

Kasi ya kebo ikiganda kati ya 90 na 95 wakati umelipia 200 au zaidi, mtuhumiwa ni kebo. Ndani yake mna nyaya nane. Kasi ya Mbps 100 huhitaji nne tu, zile za pini 1, 2, 3 na 6. Kasi ya Gbps 1 huhitaji zote nane. Waya mmoja kati ya zile nne nyingine ukikatika, vifaa viwili hukubaliana kimyakimya kushuka hadi 100, hakuna taa nyekundu, hakuna onyo. Badilisha kebo, hasa ile fupi kati ya modemu na ruta. Cat5e inatosha kwa Gbps 1 hadi mita 100. Kebo ikiwa nzima na nambari isipande, soma maandishi ya ruta: zile za bei nafuu bado zina matundu ya Mbps 100.

Kasi ikiwa nzuri kwa kebo na mbovu kwa waifai hata mita mbili tu, huenda kifaa kimeshikilia GHz 2.4. Simu nyingi hung'ang'ania bendi ziliyoizoea. Zipe bendi mbili majina tofauti kwa muda uone tofauti.

Ikiwa karibu ni nzuri na chumbani ni mbaya, hilo ni suala la nguvu ya mawimbi, na hapo pima badala ya kuhesabu vipau vya simu. Programu yoyote ya kuchunguza waifai kwenye Android huonyesha dBm, kipimo cha nguvu ya mawimbi. Kwenye Mac, shikilia kitufe cha Option ukibofya alama ya waifai. Nambari ni hasi, na kadiri inavyokaribia sifuri ndivyo mawimbi yalivyo na nguvu. Kati ya −50 na −60 ni nzuri sana. −67 ndiyo mpaka wa kuongea kwa video bila kukwama. Ikifika −75 kurasa zitafunguka kwa kujikokota, na chini ya −80 usitegemee chochote. Kila dB 3 zinazopotea, nguvu hupungua nusu. Windows hutoa asilimia kupitia `netsh wlan show interfaces`. 100 ni sawa na −50 dBm au zaidi, na 66 ni kama −67.

Sasa angalia ruta ilipo. Ukuta wa zege wenye nondo unaweza kula dB 10 au zaidi, yaani kubakiza sehemu moja ya kumi ya nguvu. Kioo cha kujitazamia kina utando wa chuma nyuma yake, hivyo hurudisha mawimbi. Tangi la maji au la samaki huyanyonya. Kabati la chuma ni jela. Ruta ikae katikati ya nyumba, juu kidogo ya usawa wa kichwa, wazi, mbali na ukuta wa nje. Kebo ndefu kutoka kwenye modemu ni nafuu kuliko ruta mpya, na mara nyingi huleta faida kubwa zaidi. Antena za fimbo hutoa mawimbi kwa ubavu wake, si kwa ncha. Kuielekeza ncha chumbani kwako, kama watu wengi wanavyofanya, ni kukielekezea sehemu yake dhaifu. Zisimamishe wima kwa nyumba isiyo na ghorofa. Kwa nyumba ya ghorofa, ilaze moja.

Halafu chaneli. Kwenye GHz 2.4 chaneli zimepangwa kwa umbali wa MHz 5, ilhali kila mtandao unahitaji MHz 20 hadi 22, ndiyo maana hutumiwa 1, 6 na 11, ambazo hazigusani. Watu huona majirani wamejaa kwenye 1 na 6, nao hukimbilia 3 wakidhani ni pa wazi. Ni kosa. Mitandao iliyo kwenye chaneli moja husikilizana na kupishana kwa zamu. Wewe wa chaneli 3 unasikia kelele za pande zote mbili usizoweza kuzielewa, na wao wanakusikia vivyo hivyo. Chagua 1, 6 au 11 yenye mawimbi dhaifu zaidi ya jirani, na upana uwe MHz 20, kamwe si 40. Kwenye GHz 5 nafasi ni kubwa: MHz 80 ikiwa majirani ni wachache, 40 ukiwa kwenye jengo la nyumba nyingi.

Waifai ikizorota saa za kupika tu, tanuri la maikrowevu linarusha kelele karibu na GHz 2.45. Panya au kibodi isiyo na waya ikikwama pindi unapochomeka diski ya USB 3, kelele inatoka kwenye diski na waya wake, nayo hufika hadi waifai ya GHz 2.4. Tumia waya mrefu zaidi uisogeze mbali, na uhamie GHz 5.

Kirudisha mawimbi kinastahili neno lake. Watu hukiweka chumba kisicho na waifai, na hapo kinarudia kwa sauti kubwa kitu ambacho chenyewe hakikusikia vizuri. Kiweke katikati ya njia, mahali ambapo bado unapata −60 hadi −65. Kikiwa na redio moja, lazima kipokee kisha kirushe upya kwenye chaneli ileile, hivyo kasi hukatwa nusu. Penye uwezekano wa kuvuta kebo, vuta kebo na uweke kituo cha pili cha waifai mwisho wake. Hakuna dawa isiyo na waya inayoshinda hiyo.

Mwisho, kuna upole ambao kipimo cha kasi hakiuoni: kila kitu ni kizuri mpaka mtu mmoja aanze kupandisha picha zake, ndipo simu za video za wengine zinakatika. Jaribu `ping 8.8.8.8 -t` huku faili kubwa ikipandishwa. Milisekunde 20 zikiruka hadi 300, foleni ya ruta imejaa. Ruta yenye SQM au QoS (mipangilio ya kusimamia foleni ya data) iwekee kikomo cha asilimia 85 hadi 90 ya kasi halisi uliyoipima, kupakua na kupandisha.

Inakatika na kurudi

Taa zote za ruta zikizimika na kuwaka kwa pamoja, ruta inajiwasha upya. Angalia adapta yake. Volti lazima zilingane kabisa na zilizoandikwa kwenye ruta; ampea ziwe sawa au zaidi. Ruta ya volti 12 na ampea 1.5 ukiipa adapta ya ampea 0.5 itawaka vizuri, kisha itaanguka vifaa vinapoongezeka. Adapta zilizozeeka hufanya hivyohivyo. Ruta ikiwa ya moto sana, itoe kwenye rafu lililobana.

Laptopu moja tu ikikatika, nenda kwenye meneja wa vifaa wa Windows, fungua adapta ya waifai, na uondoe tiki inayoruhusu kompyuta kuizima ili kuokoa umeme. Amri `netsh wlan show wlanreport`, ikiendeshwa kwa ruhusa ya msimamizi, hutengeneza ripoti ya siku tatu yenye sababu ya kila kukatika.

Ruta mbili nyumba moja

Michezo haiungi, kamera haifikiki, printa inaonekana kwa baadhi ya watu tu. Tundu la WAN la ruta yako likionyesha anwani inayoanza na 192.168 au 10, huenda kuna ruta nyingine nyumbani mbele yake, na kila moja ina mtandao wake. Igeuze ya pili iwe kituo cha waifai tu: chagua modi ya AP ikiwepo. Isipokuwepo, ipe anwani iliyo nje ya zinazogawiwa, mfano 192.168.1.2, zima DHCP yake, kisha uunge LAN ya kwanza na LAN ya pili. Tundu la WAN la pili libaki tupu.

Ikiwa ruta ni moja na printa bado haionekani, kagua kama simu iko kwenye mtandao wa wageni, au kama mpangilio wa kutenganisha vifaa umewashwa.

Tovuti nyingine zinafunguka, nyingine zinaganda

Kwenye laini za PPPoE, hii mara nyingi ni MTU, ukubwa wa juu wa pakiti moja ya data. PPPoE hula baiti 8 kati ya 1500, hivyo pakiti isizidi 1492. Kwenye Windows andika `ping -f -l 1464 8.8.8.8` (baiti 28 za vichwa hufikisha 1492). Ikikataa kwa sababu ya ukubwa, shuka kwa 10 hadi ipite, ongeza 28, na uandike jibu kwenye MTU ya WAN.

Kabla ya kubonyeza kitundu cha reset

Kushikilia kitufe hicho kwa sekunde 10 hivi hufuta kila kitu, pamoja na jina na nywila ya PPPoE ambayo huenda huna popote pengine. Pakua nakala ya mipangilio, au piga picha ukurasa wa WAN. Na ukimpigia mtoa huduma, mpe kilichopimwa: kasi kwa kebo, rangi ya taa ya LOS, anwani ya WAN, na matokeo ya ping kwa ruta na kwa 8.8.8.8. Fundi akisikia kwamba umepima kwa kebo, hana tena nafasi ya kukuambia uzime na kuwasha ruta.